Uzi: Nimekulia chini ya Kilimanjaro bila kuvuka geti. Sasa naupanda na wanangu watatu

Baba Watatu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili miaka mingi bila kuandika kitu. Leo naleta langu, nalo ni refu, kwa hiyo nitalikata vipande. Naandika usiku watoto wakishalala, mtanivumilia nikichelewa kujibu.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Kwetu, ukitoka alfajiri kuwakatia ng'ombe majani unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu ya migomba, nyeupe, mpaka mawingu yaje kuifunika mnamo saa tatu. Nimeitazama hivyo tangu napata akili hadi naondoka kwenda sekondari ya bweni. Lakini nilifikisha miaka 41 sijavuka geti la hifadhi hata siku moja.

Na baba yangu mzazi alikuwa mgumu. Kwa wasiojua, wagumu ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitana wenyewe. Mzee alibeba mizigo ya wageni kichwani zaidi ya miaka 20, kibanda hadi kibanda: Mandara, Horombo, Kibo, anashuka, anapumzika siku mbili, anarudi. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye shingo yake. Kwetu sisi watoto mlima ulikuwa kazini kwa baba, na kwa Wazungu ulikuwa matembezi. Haikutupitia akilini kwamba mtoto wa Kichagga angeweza kwenda kule kutembea tu, na chapati zake kwenye begi.

Sasa naishi Dar na mke wangu na watoto watatu. Kifungua mimba ni binti, ana miaka 14. Wa kati ni wa kiume, 11. Kitinda mimba ni binti, 8. Maisha yetu mnayajua: basi la shule kabla ya jua kuchomoza, kurudi jioni, kazi za shule, katuni, kulala. Jumamosi kuna masomo ya ziada. Kulikuwa na wiki nzima zinapita sijaona mwanangu akikimbia.

Krismasi ya miaka mitatu iliyopita tulikwenda nyumbani kama kawaida. Jioni moja tuko uani, mlima umefunguka, wa kati akamuuliza mzee, "Babu, kule juu kuna nini?" Mzee akaanza kueleza: msitu, mbega, kijito, baridi ya Horombo. Akasimulia alivyokuwa mtoto wa miaka 11 usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha Mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni. Watoto wametulia kabisa. Halafu wa kati akanigeukia: "Na wewe baba, uliona nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Mzee akatazama pembeni. Hiyo ndiyo siku uzi huu ulipoanza.

Mama Wawili, Nairobi

Niko hapa nafuatilia. Tafadhali usituache katikati.

Baba Watatu

Tuendelee.

Sikutaka kuwapeleka watoto mlimani moja kwa moja. Likizo ya Juni iliyofuata tulikuwa kwa shemeji yangu Morogoro, nikaona tuanzie na milima ya Uluguru. Kutoka mjini kuna njia ya miguu inayopanda hadi Morningside, nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa mbili hivi. Njia inapita kwenye mashamba ya mboga yaliyopandwa kwenye miteremko mikali, na vijito kila baada ya kona. Nikawaambia watoto kwamba maji wanayokunywa Dar yanaanzia huku, maana Mto Ruvu chanzo chake ni milima hii. Kitinda mimba, wakati ule ana miaka 5, akaingiza mkono kwenye kijito akasema, "Kumbe yanakuja kwetu."

Hapo ndipo nilipokosea, na nawaeleza wazi ili mzazi mwingine asirudie. Nilitangulia mbele. Nilikuwa na saa mkononi, nataka tufike kabla ya jua kali, kila baada ya muda napaza sauti bila kugeuka: "Kazaneni, kazaneni, tunakaribia!" Mke wangu yuko nyuma na mdogo. Wa kati yuko katikati, amevaa raba mpya nilizomnunulia siku moja kabla ya safari, na nilijiona baba bora kwa kumnunulia.

Tukakutana na mama mmoja wa Kiluguru anateremka na tenga la kabichi kichwani. Akatusalimia, akapita, halafu akasimama. Akaniita: "Baba, huyu mtoto anachechemea. Mimi nimemwona toka kule chini njia inapokunja. Wewe hujamwona?"

Nikageuka. Nilipomvua raba, soksi ilikuwa imegandia kisiginoni. Lengelenge lilishapasuka, ngozi imekunjamana pembeni kama utando wa maziwa ya moto, na chini yake nyama nyekundu imeingia mchanga. Mtoto hakulia. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akasema, "Ulisema tukazane, baba."

Yule mama alitua tenga lake, akatushikia mtoto mguu wakati mke wangu anamwosha kwa maji ya kunywa na kumfunga leso safi. Hatukufika Morningside siku ile. Nilimbeba mgongoni hadi mjini, na njia nzima nilikuwa naisikia ile sentensi yake.

Tangu siku ile nyumbani kwetu tuna utaratibu mmoja: mdogo kuliko wote ndiye anayetangulia. Akisimama, tunasimama. Akitaka kuangalia siafu dakika kumi, tunaangalia siafu dakika kumi. Mimi ndiye wa mwisho, nawaona wote migongo na visigino. Nina mengi ya kueleza katika uzi huu, lakini yote yanatoka hapo.

Mgumu wa Kibosho

Kaka, salaam nyingi kwa mzee wako. Mimi nipo kazini mlimani mwaka wa 14 sasa, nilianza kwa kubeba, sasa naongoza. Huo utaratibu wako ndio tunaoutumia kwa wageni, yule dhaifu anawekwa nyuma ya mwongozaji, mwendo unakuwa wake. Watu husikia "pole pole" wakadhani ni salamu yetu ya kuwafurahisha wageni. Ndiyo kazi yenyewe.

Niongeze kitu kwa wazazi. Mtoto mdogo hatakwambia ana ugonjwa wa kimo. Kuanzia mita 2,500 hivi kwenda juu mwili unaweza kuanza kulalamika: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Mtu mzima anasema. Mtoto ananyamaza, anakataa hata biskuti, anataka kulala mahali pasipo pa kulala. Ukiona mtoto mchangamfu amezima ghafla, usibishane naye wala usimpe moyo. Mshushe. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza, hata mita mia chache zinasaidia.

Na mjue kwamba kupanda kwenda kileleni umri wa chini ni miaka 10. Wadogo hapo msitu unawatosha, na msitu wetu ni mzuri kuliko watu wanavyofikiri.

Fundi Cherehani

Simulizi nzuri lakini tuseme ukweli, haya ni mambo ya wenye uwezo. Mimi nina wanne, nyumba ya kupanga, nauli tu ya Moshi kwa familia ni mtihani.

Baba Watatu

Mkuu nakuelewa kabisa, na sikupingi kuhusu nauli. Sisi hubadilisha: safari ya Desemba tungeenda hata kama hakuna mlima, kwa sababu wazee wako kule. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, mradi ubebe kitambulisho. Hata hivyo tulimtafuta mwongozaji anayetambuliwa na tukamlipa, na hapo usibane.

Lakini miezi mingine yote kumi na moja tunatembea hapa hapa. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko njia ya Kisarawe, unapanda daladala. Kabla ya hapo tulianza na kutembea kwenda kanisani badala ya kupanda bajaji, kilomita tatu, mdogo anatangulia. Viatu ni vya mtumba, na nakuambia kiatu cha mtumba kilichokwisha kulainika ni bora kuliko kile kipya nilichomtesea mwanangu. Usiache kwa ajili ya mlima, mkuu. Wape watoto Jumamosi moja.

Mama Wawili, Nairobi

Naunga mkono. Sisi tuko Nairobi na mahali petu ni Karura. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, una mapango, maporomoko ya maji na njia za baiskeli, na baiskeli unakodi pale pale. Mwanangu wa kwanza alijifunza kuendesha bila magurudumu ya pembeni kwenye njia ya vumbi jekundu chini ya miti ile.

Kila tukienda huwa nawasimulia kuhusu Wangari Maathai, mtetezi wa misitu. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani akijaribu kupanda miti pale, wakati sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu wajenge. Binti yangu wa miaka 7 huuliza swali lile lile kila mara: "Mti gani ni wake?" Mimi humwambia ni yote anayoiona imesimama. Basi anagusa mmoja mmoja hadi tufike langoni, na kama baba huyu, nimejifunza kutomharakisha.

Bibi wa Tanga

Wanangu, mbona mwasema milima tu? Bahari je? Watoto wa bara wakija pwani wanaingia majini kama waingiavyo bafuni. Baba Watatu, wako wanajua kuogelea?

Baba Watatu

Shikamoo mama. Umenigusa. Mpaka mwaka jana hakuna aliyejua kuogelea nyumbani kwetu, mimi nikiwa wa kwanza kutojua. Tuna bahari mlangoni, na kila sikukuu tunasikia habari za watoto waliozama. Zamani dawa yangu ilikuwa kuwakataza: "Ishieni magotini." Siku moja tulipanda boti ndogo kwenda kisiwani, hakuna jaketi okozi hata moja, mwenye boti anasema ni karibu tu. Nilikaa nimewashika wote watatu nguo, nikajiuliza, likipinduka hili namwokoa nani na mwenyewe sijui kuelea? Tuliporudi nikaapa mambo mawili. Bila jaketi hatupandi. Na tutajifunza wote pamoja.

Nilipata kijana wa kutufundisha Kigamboni, Jumapili asubuhi. Nina miaka 42, nimelala chali juu ya maji ya kiuno, binti yangu wa kwanza amenishika kisogo kwa viganja viwili ananiambia, "Baba legeza shingo. Nimekushika." Sijui kama nimewahi kumwamini mtu hivyo. Wote watatu waliweza kuelea kabla yangu, na yule mdogo akawa ananifundisha kutoa pumzi majini kwa kupuliza mapovu.

Mama, tusaidie kuhusu maji kujaa na kupwa. Hapo bado nababaisha.

Bibi wa Tanga

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo.

Sikiliza basi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Hapo maji hupwa yakaenda mbali mno, mwamba wote ukawa nje, na yakirudi hurudi mengi na kwa nguvu. Kati ya bamvua mbili ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Watoto wafundisheni kuogelea wakati wa maji mafu. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika hamsini, hivyo jana si leo. Muulize mvuvi kabla hujavua viatu.

Hatari ya bamvua si kwa waogeleaji pekee. Watoto hufuata maji yakipwa, waokota kombe na kutazama pweza mwambani, wasahau. Nyuma yao kuna bonde, maji yaja kwa bondeni kwanza, wao wako juu ya mwamba wadhani bado ni mapema. Sisi tulipokuwa wadogo mama alikuwa akifunga kanga nyekundu kwenye mkoko. Maji yakigusa shina la mkoko ule, wote twarudi, hata kama pweza yuko mkononi.

Na mkondo ukikuchukua, usishindane nao kurudi ulikotoka. Ogelea kwa ubavu, uambae na pwani, hadi ukuachie.

Mgumu wa Kibosho

Bibi, hii ya kanga nyekundu nimeipenda mno. Ni kama sisi tunavyopanga saa ya kugeuka kabla ya kuanza kupanda. Saa ikifika unageuka, hata kilele ukikiona.

Baba Watatu

Ahsante sana mama, nimeinakili kwa watoto.

Sasa Marangu. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba ya mwaka ule ule wa Morogoro. Mdogo amefikisha 6. Mpango ulikuwa kutoka getini hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kama kilomita nane kwenda, kutoka mita 1,800 na kitu hadi 2,720, njia yote ndani ya msitu. Tulichelewa kuanza, saa nne na nusu ndiyo tunaingia. Mzee alitusindikiza hadi getini, magoti yake hayamruhusu kuendelea. Akamshika mwongozaji mkono, wakaongea Kichagga. Nadhani alitukabidhi.

Msitu ule, jamani. Nimeishi chini yake miaka yote na sikuujua. Miti imevaa kuvumwani lenye rangi ya majivu mpaka kwenye vitawi, na linaning'inia kama ndevu. Mbega wanaruka na mikia yao myeupe. Kuna ua dogo jekundu lenye ncha ya njano, lina mkia uliojikunja kama ndoano, mwongozaji akasema halioti mahali pengine popote duniani ila mlima huu. Binti mkubwa alilipiga picha, halafu akaniuliza kama bibi analijua. Sikujua hilo pia.

Tulipokaribia Kisambioni, pale nusu ya njia watu wanapokula chakula, mvua ikashuka. Si ya kutisha, mvua ya msituni, inaendelea tu. Mdogo alikuwa na koti la mvua ila ndani nilimvalisha sweta la pamba, na maji yakapenya shingoni. Pamba ikiloa haikupi joto tena, inakunyonya. Ukichanganya na kwamba kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6, mtaelewa. Alikuwa anaimba tangu getini. Akaacha kuimba. Mwongozaji alichuchumaa mbele yake, akamshika vidole, akamtazama midomo, akaniambia kwa upole, "Baba, tugeuke."

Binti mkubwa akakataa. Alishawaambia rafiki zake shuleni kwamba atafika Mandara. Akalia kwa hasira, akasema daima yeye ndiye anayenyimwa kwa sababu ya wadogo. Na mimi, nakiri, nilianza kupanga kichwani: mke wangu ashuke na mdogo, mimi niendelee na wawili. Mke wangu alikuwa anamvua mdogo lile sweta na kumfunga khanga yake kavu kifuani. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Tumekuja watano."

Tukageuka watano. Binti mkubwa hakuongea na mtu hadi nyumbani.

Jioni mzee akamwita, wakakaa jikoni kwenye moto, wanamenya ndizi za mtori. Nilikuwa mlangoni nasikia. Akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi kileleni sijafika." Binti akashtuka. Mzee akamweleza kwamba mgumu anaishia kibandani Kibo, mita 4,700 na zaidi. Usiku wa manane mgeni anaondoka na mwongozaji wake kwenda kileleni, na mgumu anabaki kulinda vitu na kupasha maji. Miaka yote ile, mara zote zile. "Nilikuwa nawasikia wanaondoka, naona taa zao zinapanda mstari. Nikilala naota nimefika." Akaendelea kumenya ndizi.

Hata mimi mwanawe sikuwa najua. Miaka 41 nadhani baba yangu amesimama juu kule mara mia.

Fundi Cherehani

Duh. Hapa nimesimamisha mashine. Mzee wako bado yupo?

Mama Wawili, Nairobi

Nimesoma hiyo sehemu ya jikoni mara mbili. Barikiwa mzee.

Baba Watatu

Yupo mkuu, ana afya, magoti tu.

Mara ya pili ni Desemba iliyopita. Tulikuwa tumejifunza. Saa mbili asubuhi tuko getini. Nguo za ndani si za pamba, ni zile za michezo za mtumba zinazokauka haraka, na kila mtoto ana soksi kavu na sweta la sufu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Chakula: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga, chapati, na chupa ya chai ya tangawizi. Saa ya kugeuka tulipanga nane mchana, popote tutakapokuwa. Binti mkubwa ndiye aliyeitangaza.

Mdogo akatangulia, miaka 7, na fimbo aliyochongewa na babu yake. Na kwa kuwa yeye ni mfupi na hana haraka, aliona vitu ambavyo sisi wengine tungevipita. Alisimama ghafla, sote tukasimama. Kwenye tawi usawa wa macho yake kulikuwa na kinyonga wa kijani mwenye pembe mbili puani, zimechongoka mbele kama koleo. Kwetu watu wengi wanaogopa kinyonga, hata mke wangu alirudi hatua. Mtoto alimtazama, kinyonga akageuza jicho moja kwake na lingine kwetu. Ikapita kama robo saa. Kundi la wageni likatupita, tukawapisha.

Tulipita Kisambioni bila mvua. Binti mkubwa aligusa meza ya mbao tuliyogeukia mwaka uliotangulia, hakusema kitu, akaendelea.

Saa saba kasoro msitu ukafunguka na vibanda vya Mandara vikaonekana, vya mbao, paa limeshuka pande zote mbili karibu na majani. Mdogo akauliza, "Ndiyo hapa babu alikuwa analala?" Nikasema ndiyo. Akaenda akaweka kiganja ukutani.

Baada ya kula tulikuwa bado na muda, tukasogea hadi kasoko ya Maundi, dakika 20 hivi. Unazunguka ukingo wa shimo la zamani lililoota majani, mawingu yakipisha unaona tambarare ya upande wa Kenya chini kabisa. Na kwa juu, kwa dakika chache, tuliiona Kibo. Nimeiona maisha yangu yote, lakini siku ile ilikuwa imesogea.

Hapo ndipo wa kati aliponishika mkono. Yule wa lengelenge. Akaniambia bila kuulizwa, "Baba, kichwa kinanigonga hapa," akagusa kipajini. "Kimeanza sasa hivi."

Wakuu, siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Mtoto aliyetembea na kidonda cha nyama nyekundu bila kufungua mdomo, sasa kichwa kimemgonga dakika moja na ameniambia. Nilimkumbatia pale pale. Akanywa maji, mwongozaji akamwangalia macho na kumtembeza mstari ulionyooka, tukaanza kushuka, yeye akiwa wa kwanza safari hii. Tulipofika Kisambioni kichwa kilishapona na anaomba chapati.

Mgumu wa Kibosho

Hapo mmefanya kama inavyotakiwa. Nimeona watu wazima wanaficha kichwa mpaka Kibo, wanashushwa kwa machela. Mpe kijana hongera zangu.

Desemba hii mnarudi?

Baba Watatu

Nitamfikishia kaka. Desemba hii mkubwa na wa kati wanataka Horombo, mita 3,720, walale Mandara njiani. Wote wawili wameshavuka miaka 10. Mama yao na mdogo watatufuata hadi Mandara kisha washuke na mwongozaji wa pili, na uamuzi huo ameutoa mdogo mwenyewe baada ya kuwekewa mambo yote mezani. Tumepanga na saa ya kugeuka kila siku, na nimewaambia kuhusu kanga nyekundu ya Bibi wa Tanga. Mke wangu amenunua moja, itafungwa kwenye begi langu.

Jambo la mwisho. Tuliporudi Desemba iliyopita mzee alimketisha mdogo magotini akamhoji kama hakimu. Vibanda viko vingapi sasa? Maji yanachotwa wapi? Ule mti mkubwa uliolala kuvuka njia juu ya Kisambioni, tuliokuwa tunapumzikia mizigo, bado upo? Mtoto hakujua kuhusu mti. Alisikitika sana, akachukua daftari lake la shule akaandika: MTI. Basi mzee akaanza kumtajia vitu vingine vya kuangalia, mkubwa akachukua kalamu akawa anaandika yeye: daraja la pili, jiwe lenye umbo la kiti, kijito cha mwisho kabla ya jangwa, mlango wa kibanda cha Kibo unaofunguka kwa kuinua kidogo. Kurasa mbili na nusu.

Walipofika Kibo mzee akanyamaza. Binti akamuuliza, "Na baada ya hapo, babu?"

Mzee akamwambia aache ukurasa mtupu. "Hapo mbele mimi sijui. Nyinyi ndio mtaniambia."

Daftari liko mezani hapa ninapoandika.